Kisiki cha Mlozi Mchungu

Siku ya tatu tu, kijiti kikadondoka.

Kwa mtu asiyejua kubebesha miche, hilo si jambo la kumkosesha raha. Lakini kazi hii ina kanuni zake. Unachukua jicho la mlozi mtamu, lile chipukizi dogo linalolala kwenye kikwapa cha jani, unalipachika chini ya gome la mlozi mchungu, kwa sababu mchungu ndio wenye mizizi ya kuvumilia ukame. Kijiti kilichokuwa kinashika jani unakiacha kwenye jicho. Unafunga kwa utepe, unasubiri wiki tatu, halafu unakigusa kwa ncha ya kidole. Kikidondoka, jicho limeshika. Kikinyauka na kung'ang'ania, umekula hasara, anza upya. Wiki tatu, jamani! Hiki kilidondoka siku ya tatu, tena bila kuguswa, mwenyewe akiwa ameinama tu na kopo lake la maji.

"Limeshika hilo," alisema Mama Miche, akacheka peke yake.

Mwingine angejiuliza. Mama Miche hakuwa na muda wa kujiuliza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kazi na mdomo wa kazi zaidi, na tangu usichana wake alikuwa akibebesha miche na kuiuza. Ukimwambia usifanye, ndiyo kwanza umemtuma. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, alipenda kumtania kwamba akiambiwa jiko lina moto ataomba aonyeshwe ni upande gani, kisha auguse. Walipendana sana wawili hao, japo ungewasikia wakizozana jikoni ungedhani wanagombea shamba.

Walikuwa wamehamia nyumba ile miezi miwili nyuma. Vyumba vitatu, jiko linalotazama bustani, na upande wa barabarani banda ambalo mumewe, fundi makochi, aliligeuza karakana. Katikati ya bustani palikuwa na kisiki. Mlozi mkubwa ulikatwa hapo usawa wa goti, na juu ya kidonda chake mtu alikuwa amemwaga lami na kuikandamiza kwa mwiko. Pamoja na lami yote hiyo, gome la ubavuni lilikuwa bichi, na ukilikwaruza kwa ukucha lilitoa harufu kali ya lozi chungu, ile inayopanda puani na kukaa.

Jirani yao, mwalimu mstaafu, alimkuta akilikwaruza. Akasimama upande wa pili wa ukuta, akashusha sauti.

"Mama, huo uache."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Waliokaa hapo waliukata. Walisema unawaita."

"Na wao wakaitika?" Mama Miche akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu wangu, hiyo ni mizizi ya miaka arobaini. Nyumba nzima hii, kitu cha maana ni hicho. Niuache, nina wazimu?"

Mwalimu hakucheka. Alitazama kisiki, akamtazama yeye, akarudi ndani akafunga dirisha.

Basi akaubebesha. Baba yake alikuwa amemfundisha kuweka macho ya mti chini ya ulimi, yasikauke wakati kisu kinafungua gome. Wengine huyakunja kwenye kitambaa chenye maji. Wao, baba na mwana, walitumia mate, na miche yao haikuwa ikifa. Asubuhi ile fizi yake ilikuwa inavuja damu kidogo, mambo ya kawaida ya mswaki mpya. Akachanja gome, mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, akaliinua kwa mgongo wa kisu, akatema jicho kiganjani likiwa na mate na wekundu kidogo, akalichomeka. Kisiki kikalipokea vizuri sana.

Siku kijiti kilipodondoka ilikuwa Jumatano. Alhamisi, saa tano asubuhi, alikuwa jikoni anachambua mchele na mama mkwe wake. Wakasikia mtu anaita kutoka bustanini.

"Fundi! Mume wangu, hebu njoo unishikie hapa!"

Mama mkwe aliinua uso kutoka kwenye sinia. Alimtazama mkwe wake aliyekaa mbele yake, mdomo umefungwa, vidole vimejaa mchele. Sauti ilikuwa yake. Si kwamba ilifanana na yake, hapana, ilikuwa yake yenyewe, na ile pumzi fupi mwishoni ambayo mumewe alikuwa akiichekea kila siku.

"Umesema wewe?" mama mkwe alinong'ona.

"Mimi? Nimesema na nani?"

"Fundi!" sauti ikaita tena, na safari hii ilikuwa na kicheko ndani yake. "Njoo basi, nachoka!"

Wakasikia nyundo ikiwekwa chini kule karakana. Wakasikia viatu vya fundi vikipita ubavuni mwa nyumba bila haraka, kama mtu anavyokwenda kwa mkewe. Mama Miche alisimama, sinia likaanguka, mchele ukatawanyika sakafuni, na mpaka anafungua mlango wa jiko na kuteleza na kuinuka na kukimbia, mumewe alikuwa amekwisha piga magoti mbele ya kisiki.

Alikuwa ameshika kile kisu kidogo cha kubebeshea, ambacho mkewe alikiacha juu ya ndoo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala juu ya lami, ngozi ya ndani imeelekezwa juu, na damu ilikuwa ikichuruzika kutoka sehemu ya katikati kati ya kiwiko na kiganja. Mstari mmoja wa kulala. Mmoja wa kusimama. Ngozi ilikuwa imeinuliwa pembeni vizuri, kwa mgongo wa kisu, na ndani yake lilichomekwa jicho la kijani.

"Fundi! Unafanya nini?"

Alimgeukia taratibu, uso umempauka kwa maumivu, akatabasamu kidogo akitaka kusifiwa. "Nimefanya ulivyosema. Nimekosea?"

"Nilivyosema lini?"

"Sasa hivi. Umenishika bega ukaniambia kata hapa, inua hapa, weka." Tabasamu lilimtoka. Alitazama mkono wake, akatazama nyuma yake mahali ambapo hapakuwa na mtu. "Mama Miche, nani alikuwa hapa? Nani alikuwa hapa na mimi?"

Walimpeleka zahanati. Daktari alilitoa lile jicho kwa koleo, akasafisha, akashona nyuzi sita, akasema watu wazima wana michezo ya ajabu. Mama Miche alikubali kila alichoambiwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Ijumaa asubuhi nyuzi zote sita zilikuwa zimekatika. Pale pale, chini ya ngozi, lilikuwepo jicho jingine limetuna, na kijiti chake kimesimama. Mama Miche alinyoosha kidole. Hakutaka, lakini mkono wa kazi una mazoea yake, ukakigusa kile kijiti kwa ncha, na kijiti kikadondoka juu ya shuka.

Hakusema limeshika. Alikaa kitandani akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na ndani ya chumba kile, hata dirisha likiwa limefungwa, palikuwa panatoka harufu ya lozi chungu.

"Nitakuwa sawa," mumewe alimwambia kwa upole, na hapo ndipo alipoogopa kikweli, kwa sababu fundi hakuwa mtu wa upole akiumwa. Mafua tu yalimfanya alalamike mpaka majirani waombe amani.

Mchana ule sauti haikumwita kwa kelele tena. Haikuhitaji. Ilisema chini chini kutoka bustanini, kwa sauti ya mke anayemwagiza mumewe vitu vya nyumbani, na yeye alikuwa akiitika, "Haya, mama," "Sawa, mama," huku mkewe halisi akimshika shati na kumburuta, na yeye akimsukuma bila hasira kama mtu anayesogeza kiti. Sauti ilisema udongo umekauka. Ilisema mwagilia. Fundi akaenda kwenye banda la kuku. Kulikuwa na kuku tisa, na aliwashika mmoja mmoja kwa mkono wa kulia, akawabana katikati ya magoti, akawang'oa vichwa kwa kuvisokota, na kila mmoja akambeba akipapatika mpaka kwenye kisiki na kumkamulia pale, akizungusha vizuri, kama mkewe alivyokuwa akimfundisha kila mara: maji yazunguke shina, usimwage sehemu moja. Mama mkwe alisimama mlangoni akipiga mayowe, "Mwanangu! Mwanangu we!" na mwanawe alimwinulia uso wenye madoa na manyoya, akamwambia atulie, bado mbolea.

"Mbolea gani?" mama mkwe aliuliza.

Fundi alisikiliza kwanza upande wa kisiki, kisha akamtazama mama yake kwa muda mrefu, kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Mama Miche alimvuta mama mkwe ndani, akapiga komeo, akasukuma kabati mlangoni. Waliketi sakafuni wakiwa wameshikana.

"Mwanangu ananitazama hivyo," mama mkwe alisema. "Nilimzaa mimi. Ananitazama kama gunia."

"Si yeye, mama."

"Sauti ni yako."

"Najua."

"Basi ulikipa nini kile kisiki? Sema, usinifiche. Ulikipa nini?"

Mama Miche akamweleza habari ya mate na fizi. Alizieleza akilia, kamasi zikimtoka, akijitukana mwenyewe kwa majina ambayo hayaandikiki. Mama mkwe hakumlaumu. Alimfuta uso kwa upande wa kanga yake, akasema kuna mganga mmoja alimtibu dada yake marehemu, si mtu wa maneno mengi wala wa bei mbaya, na simu yake anayo.

Mganga alifika Jumamosi saa nne asubuhi, kwa miguu, na mfuko wa plastiki. Alikuwa mtu mwembamba aliyevaa koti la suti lililompwaya. Ungempita barabarani ukidhani ni karani aliyestaafu. Alifungua mlango wa jiko, akasimama kizingitini, akavuta hewa puani mara mbili. Fundi alikuwa amekaa chini mbele ya kisiki, amelala usiku kucha pale pale, mkono umelazwa juu ya lami. Jicho la mkononi lilikuwa limechanua majani mawili. Chini ya ngozi, kuelekea kiwiko, mistari myembamba ya rangi ya gome ilikuwa ikipanda.

"Mate?" mganga aliuliza.

"Mate na damu kidogo," Mama Miche akajibu kwa kunong'ona.

"Umekipa kisiki ulimi wako bure." Hakusema kwa ukali. "Hili ni jini la kale, limejificha kwenye mizizi. Mizizi linayo, na sasa ulimi linao. Halina kingine. Mikono yote mnayoona ikifanya kazi hapa ni yenu ninyi, linaazima. Jini la namna hii huwa na kitu kimoja linachokitaka. Nikikijua, nitalinyima, na likinyimwa litaondoka. Msiguse chochote mpaka niwaambie."

"Linamtaka mume wangu."

"Huenda. Ngoja nilisikie lenyewe."

Aliweka bakuli la maji ya chumvi chini, akavua viatu, akachuchumaa upande wa pili wa kisiki, akainamisha sikio kama mtu anayesikiliza redio mbovu. Akauliza jambo kwa sauti ya chini. Kisiki kikanyamaza. Akauliza tena. Mara uso wake ukabadilika, akainua kichwa haraka kuwatafuta wanawake wawili pale mlangoni, na mdomo wake ulikuwa umekwisha funguka kusema.

"Mpige," ilisema sauti ya Mama Miche.

Nyundo ya fundi makochi si nyundo kubwa. Ina kichwa chembamba, cha kugongea misumari midogo kwenye mbao za fremu, na fundi alikuwa nayo mfukoni mwa aproni yake siku zote. Ilimpata mganga kwenye taya. Mlio wake ulikuwa mkavu. Pigo la pili likampata mdomoni, meno yakaruka kwenye bakuli la maji, na mganga alipoanguka chali na kujaribu kurudi nyuma kwa viwiko, fundi alimfuata kwa magoti, akampiga la tatu, la nne, bila kusema, bila hata kukunja uso, akipiga kwa kipimo kile kile alichopigia misumari, huku sauti ya mkewe ikihesabu kwa furaha kutoka kwenye gome, na Mama Miche, aliyekuwa ameruka mgongoni kwa mumewe na kumkaba shingo na kumng'ata sikio mpaka akaionja damu, akijisikia akipiga kelele kwa midomo miwili, mmoja ukisema acha, mmoja ukisema endelea.

Mama mkwe ndiye aliyemnusuru mganga. Alimshika miguu akamburuta mpaka jikoni, ajuza wa miaka sabini, na kama ungemwuliza baadaye nguvu alizitoa wapi asingekuambia. Mganga alikuwa hai. Taya lilining'inia upande mmoja. Alikuwa anajitahidi kusema, macho yamemtoka, lakini kilichotoka kilikuwa mapovu mekundu, kisha akazimia.

Fundi aliiacha nyundo. Alirudi mahali pake, akaulaza mkono juu ya kisiki, akafumba macho kwa raha. Mistari ya gome ilikuwa imefika kwenye kiwiko. Mama Miche aliitazama ikisogea. Unaweza kuutazama mshale wa saa usiuone ukienda, lakini hii ilikuwa ikionekana. Baada ya kiwiko ni bega, na baada ya bega alijua kinachofuata, kwa sababu mambo ya jicho na shina yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Jicho likishakolea, huling'oi. Dawa ni moja tu: unakata chini ya mahali lilipobebeshwa, unaliondoa na kipande chake, shina linapona.

Akaenda ghalani akarudi na msumeno wa kupogolea na utepe wa nailoni.

"Hapana," kisiki kilisema.

Akafunga utepe juu ya kiwiko cha mumewe, mara sita, akakaza kwa meno.

"Usikate," sauti yake mwenyewe ilimwomba, ikianza kulia. "Nakusihi, mwenzangu. Usinitenganishe naye. Nitakufa ukikata. Usikate!"

"Kufa!" Mama Miche akasema. "Kufa, mbwa wewe!"

Kadiri kilivyozidi kumsihi ndivyo alivyozidi kuamini. Alipanda juu ya kifua cha mumewe kwa magoti yote mawili, akauweka msumeno kati ya utepe na kiwiko, akakata. Msumeno wa kupogolea hukata ukivutwa, si ukisukumwa, na aliuvuta kwa mgongo wote, ngozi ikapasuka, nyama ikakwama kwenye meno ya chuma, na kwenye mvuto wa tatu fundi alizinduka, akawa fundi wake mwenyewe, akapiga ukelele uliomfanya Mwalimu kule ng'ambo aporomoke kwenye kiti, akamwita mkewe jina ambalo walikuwa wakiitana chumbani tu, akamwuliza kwa nini, kwa nini, mama, kwa nini, na yeye akaendelea kuvuta, akilia, akimwambia nisamehe, bado kidogo, bado kidogo, nisamehe, mpaka mfupa ukatoa ule mlio wa tawi kavu na mkono ukadondoka upande wa pili wa kisiki.

Kimya kikaingia. Harufu ya lozi ikakatika pale pale, kama bomba lililofungwa. Kwenye kigutu cha fundi nyama ilikuwa nyekundu, safi, bila mstari hata mmoja.

"Limetoka," Mama Miche alisema. "Mama! Limetoka!"

Mwalimu alileta gari lake. Hakusema nilikuambia, na Mungu ambariki kwa hilo. Walimlaza fundi kiti cha nyuma, mganga akawekwa mbele, wakaondoka kwa kasi. Mama mkwe alibaki kufunga milango na kusafisha damu. Hospitalini daktari wa zamu alimtazama Mama Miche kwa jicho la kipolisi, akauliza mkono wenyewe uko wapi. Alijibu umebaki nyumbani. Daktari akasema basi, hata hivyo usingeunganishika, waliobaki nyumbani wauzike.

Jioni alimpigia simu mama mkwe kumwambia. Mama mkwe akasema ameutafuta kila mahali, hajauona. Labda mbwa wa mtaani. Asijali, la muhimu ni mwanangu yu hai, na wewe ule kitu, umekonda ghafla.

Asubuhi ya Jumapili fundi aliamka na akili zake. Jua lilikuwa limeingia wodini, muuguzi alikuwa akigawa uji, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akibishana naye kuhusu sukari. Fundi alitazama bandeji, akamtazama mkewe.

"Umenikata mkono," alisema.

"Nimekukata."

"Hata hukuniuliza mkono gani nautumia kushikia misumari."

Mama Miche alicheka, akalia, akamlalia kifuani, na yeye akamshika kichwa kwa mkono uliobaki. Kwa muda walikaa hivyo, na kama duniani kuna furaha yenye maumivu basi walikuwa nayo pale. Halafu fundi akasema, kwa kushangaa kidogo:

"Vidole vyangu vina baridi."

"Nikufunike?"

"Si hivi. Vile."

Muuguzi alisikia, akaeleza bila kugeuka kwamba ni kawaida, waliokatwa viungo wengi hudhani bado wanavyo, huisha yenyewe. Mama Miche akaitikia kwa kichwa. Akambusu paji la uso.

"Vimelowa," fundi aliendelea. Uso wake ulianza kukunjamana. "Mkono umefungwa na kitu pale ulipokatwa. Umekazwa sana. Na chini ya pale unapanda ubaridi, unaingia kwenye mfupa. Unapanda kama maji."

Hapo Mama Miche aliona jambo lote kwa mara moja, kama mtu anayewashiwa taa. Siku zote alikuwa amemhesabu mumewe kuwa ndiye shina, na lile jini kuwa jicho lililobebeshwa juu yake. Lakini mwenye mizizi alikuwa nani? Nani alikatwa akaachwa bila tawi? Kisiki ndicho kilichokuwa shina. Na shina, ili lipate kubebeshwa, lazima mtu aende akakate tawi bichi kwenye mti mwingine, alilete likiwa bado na uhai. Kisiki kilimlilia asikate, kwa sababu kilikuwa na ulimi wake na kilijua ukimwambia usifanye atafanya nini. Na yeye alikata, akakiachia tawi lake miguuni.

Alitoa simu, vidole vikikosea vitufe. Iliita mara tano.

"Haloo," ilisema sauti ya mama mkwe, inahema.

"Mama, toka nyumbani. Toka sasa hivi, upite mlango wa mbele."

"We mtoto una nini?" Mama mkwe alikuwa akicheka. "Unanipigia simu ya nini, na wewe uko hapo bustanini unaniita? Mmeruhusiwa lini? Ngoja basi nivae ndala, nakuja."

"Mama, siko bustanini! Si mimi! Usitoke, nakuomba, usitoke!"

Lakini mama mkwe alikuwa ameiweka simu mfukoni bila kuikata. Mama Miche alisikia kitambaa kikisuguana, ndala zikiburuzika sakafuni, komeo la mlango wa jiko. Akasikia ndege wa bustanini. Kisha akajisikia mwenyewe, karibu, mpole, na ile pumzi fupi mwishoni:

"Njoo mama, inama kidogo. Inama uone jani."

Kitandani, bandeji ya fundi ilinyanyuka yenyewe kutoka kwenye shuka. Alikuwa amefumbua macho yote, anatazama dari, jasho linamtoka.

"Nimeshika nywele," alisema. "Mke wangu, nimeshika nywele za mtu."

"Achia!" alimpigia kelele, akimtikisa mabega, wodi nzima ikageuka. "Fundi, achia! Fungua vidole! Achia!"

"Siwezi," alisema, akaanza kulia. "Zimesukwa mabutu kama anavyosuka mama. Siwezi kuachia."